Malipo ya Kusubiri

Alhamisi, 4 Machi 1993, Nangwa

Baba Efrazia amerudi nyumbani saa nne asubuhi. Miaka yote aliyofanya kazi ya ufundi kwenye shamba la ngano la serikali sijawahi kumwona akirudi kabla jua halijashuka, kwa hiyo nilipomwona anaingia uani na mfuko wa spana begani nilidhani ameumia. Nilimshika mikono nikaigeuza kutafuta damu.

"Siumwi, mama Efrazia," akasema. "Tumepumzishwa."

Kupumzishwa ndilo neno walilotumia. Vipuri hakuna, dizeli haitoshi, mafundi na madereva wengi waende makwao mpaka watakapoitwa. Hawajafukuzwa. Kila mwisho wa mwezi watapewa sehemu ya mshahara, inaitwa malipo ya kusubiri, na kila mtu aje aichukue mwenyewe pale shambani. Mume wangu Patriki alinieleza yote kwa sauti yake ya kila siku, lakini mfuko wa spana hakuutua mpaka alipomaliza.

Jumapili, 7 Machi

Tunahama. Pango la nyumba hii hatuliwezi tena. Tunakwenda kwao Patriki, Dongobesh, wilaya ya Mbulu, kwa mama mkwe wangu, kwenye shamba na ng'ombe wao. Mimi ni mtoto wa Endasak, Mbulu nimekwenda kama mgeni tu. Mtoto wetu Efrazia anauliza kama bibi ana paka.

Jumanne, 16 Machi, Dongobesh

Mvua imeanza na baridi ya huku inaingia hadi kwenye mifupa. Mama Bernadina, mama mkwe wangu, ametupokea vizuri ila si mtu wa maneno. Nilipomwamkia shikamoo alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaniangalia, akasema, "Umekonda. Kula." Masikio yake yamepungua nguvu, inabidi kumsemesha kwa sauti.

Ijumaa, 19 Machi

Patriki amelipa kodi ya maendeleo hapa kijijini na kupewa risiti. Sasa ni mtu wa Mbulu kamili, anasema. Tumepanda maharage hadi jioni.

Jumamosi, 20 Machi

Mvua.

Jumatatu, 22 Machi

Tadeo amekuja. Yeye ni dereva wa trekta, wa hapa Dongobesh, aliyepumzishwa siku moja na mume wangu. Ametoka Katesh, mji mkuu wa wilaya ya Hanang lilipo shamba la ngano, na ana habari. Tangazo limebandikwa kule: kila anayepokea malipo ya kusubiri aende ofisi ya kodi Katesh akayataje na kuyalipia kodi, hata kama haishi tena Hanang, kwa sababu fedha zinatoka Hanang.

"Mimi nimeshalipa hapa," Patriki akasema.

"Na mimi. Ndiyo maana nakwambia tunyamaze. Nani atapanda mlima kuja kututafuta Dongobesh?"

Niliuliza kama wamewauliza wenye ofisi, mtu aliyelipa kwao anafanyaje. Tadeo akacheka. "Shemeji, ukienda kuuliza umeshajitaja."

Patriki hakucheka. Akawa anakwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti, hata tope lilipokwisha.

Jumapili, 28 Machi

Baada ya misa watu wanasimulia kwamba mgambo wa kodi wameweka kizuizi barabarani karibu na Endasak. Mwanamume asiye na risiti anateremshwa kwenye gari. Usiku Patriki aliamka mara nyingi kutazama koti lake, kama risiti bado imo mfukoni.

Jumatano, 31 Machi

Ameondoka jana na Tadeo kuchukua malipo. Walisema watarudi leo kwa lori la jioni. Lori limepita. Halikusimama.

Alhamisi, 1 Aprili

Amerudi kwa miguu, bila viatu, adhuhuri. Mama Bernadina ndiye aliyemwona kwanza, akadhani ni mwendawazimu.

Nitaandika kama alivyoniambia. Walifika shambani, wakapanga foleni, wakalipwa. Kumbe mgambo wa kodi walikuwa kwenye geti, na kila aliyetoka alikuwa anaulizwa anaishi wapi na kama amepokea malipo ya kusubiri. Aliyekuwa anauliza ni mgambo mmoja mrefu wa Katesh anayeitwa Xavery. Patriki anamfahamu kwa sura, kama watu wote wa Nangwa wanavyomfahamu. Tadeo alitangulia. Akasema hakupokea kitu, amekuja kusalimia. Xavery akamgusa mfuko wa shati, fedha zikatokeza. Akampiga kofi moja la sikio, Tadeo akakaa chini.

"Kisha akanitazama mimi," Patriki akasema. "Akaniuliza, na wewe? Nikasikia mdomo wangu unasema, sijapokea. Mama Efrazia, nilikuwa nimemwona mwenzangu anapigwa kwa neno hilo hilo, na mimi nikalisema."

Halafu akakimbia. Ngano kwa sasa iko chini ya goti, haimfichi mtu. Alikimbia katikati ya shamba lile tambarare huku watu wote wanamwona, na nyuma yake anasikia filimbi. Viatu vilinasa kwenye tope. Aliingia korongoni, akalala humo mpaka giza, kisha akaja kwa njia za ng'ombe, akipandisha ukuta wa mlima kwa mikono.

Fedha alikuja nazo zote, zimelowa. Nilizianika juu ya chungu. Hakutaka kuziona.

Jumamosi, 3 Aprili

Analala kwenye mahindi ya mama, chini ya turubai. Anasema nyumbani watamkuta kama kuku kwenye tenga. Amekubaliana na mama yake: mama akiona gari linaacha barabara kuja huku kwetu, apige debe la bati ili yeye akimbilie porini.

Jumanne, 6 Aprili

Pikipiki ya padri imepita. Mama akapiga debe. Patriki alikaa porini mpaka jioni.

Ijumaa Kuu, 9 Aprili

Nimekwenda kanisani peke yangu na Efrazia. Mke wa Tadeo alikuwa pale, macho yamevimba. Mumewe bado hajarudi na hajui amewekwa wapi. Alinishika mkono akaniuliza mume wangu yuko wapi. Nikamjibu sijui. Nimesema uongo mbele ya msalaba, na neno lilitoka laini kama maji. Njiani nilifikiri, basi hivi ndivyo ilivyomtoka Patriki pale getini.

Jumatatu, 12 Aprili

Mvua usiku kucha. Turubai limetoboka.

Alhamisi, 15 Aprili

Anakohoa. Nimemwambia aje alale ndani hata siku moja. Akanijibu kwa ukali ambao siujui, "Unataka wanikamate mbele ya mtoto?" Efrazia alikuwa amesimama pale. Tangu jana mtoto akisikia gari anaingia chini ya kitanda mwenyewe, hakuna aliyemfundisha.

Jumatatu, 19 Aprili

Tadeo amerudi. Nilikwenda kumwona, Patriki alikataa. Amekaa kwenye kiti anatazama mlango. Ukimsemesha inabidi ukae upande wa kulia, sikio la kushoto halisikii. Amelipa alichodaiwa pamoja na faini, mkewe ameuza ndama.

"Walimtaja mume wangu?" nikamuuliza.

"Xavery anajua jina lake. Alisema, yule mkimbiaji wa Dongobesh tutamfikia."

Nilikuwa na hasira na huyu Tadeo kwa ushauri wake. Nilipomwona ameshika kikombe kwa mikono miwili ili chai isimwagike, hasira iliisha, ikabaki hofu tu. Nyumbani sikumwambia Patriki yale maneno. Labda kwa kunyamaza nimekosea, labda sivyo.

Alhamisi, 22 Aprili

Ana homa. Anatetemeka, kifua kinalia kama mlango mbovu. Nimesema twende hospitali. Hataki. "Hospitali wanaandika jina." Nikasema nitataja jina jingine. Akasema nimeshakuwa mwongo kama yeye. Tukalia wote wawili, kule kwenye mahindi, mvua inanyesha.

Mama Bernadina alitukuta. Hakuuliza kitu. Alivua shuka lake akamfunika mwanawe, akabaki na kigauni, akasimama hapo kwenye baridi.

Jumamosi, 24 Aprili

Mvua inasomba kila kitu. Korongo lililo nyuma ya shamba linanguruma mchana na usiku. Homa haijashuka.

Nimeamua. Jumatatu ni Sikukuu ya Muungano, ofisi zimefungwa, kwa hiyo Jumanne ninakwenda Katesh mwenyewe kumtaja. Wakitaka kumfunga, wamfungie hospitali akiwa na dawa. Sitamwambia. Mama mkwe nimemwambia sikioni. Akaenda ndani akaniletea gunia la maharage nikauze njiani. Risiti ya hapa Dongobesh nimeitoa kwenye koti la Patriki na kuifunga kwenye nailoni.

Jumanne, 27 Aprili, Katesh

Ninaandika nikiwa katika nyumba ya watu, nitaeleza.

Lori lilisimamishwa kizuizini, kabla ya Endasak, kijiji nilichozaliwa. Mgambo walipanda kukagua wanaume. Mimi ni mwanamke, hawakuniuliza, lakini ile karatasi ilikuwa kifuani kwangu na nilihisi kama inaonekana kupitia kitenge. Babu mmoja waliyemteremsha alikuwa anaeleza taratibu kwamba risiti yake imeliwa na panya. Tulimwacha hapo.

Maharage niliyauza Nangwa kwa bei ya hovyo. Sikuwa na nguvu ya kupatana.

Katika ofisi ya kodi yuko karani mwanamke anayeitwa Chiku, binti wa wenye duka hapa mjini, amejifunga mtandio wa kijani. Nilisimama mbele ya meza yake. Akanisogezea kiti.

"Kaa, dada. Umetoka wapi?"

"Dongobesh. Nimekuja kumtaja mume wangu."

"Amekupiga?"

"Hapana. Anapokea malipo ya kusubiri."

Alinitazama kwanza, kama anayengoja niendelee. Nikamwaga yote: shamba, kuhama, kodi tuliyolipa kijijini, tangazo, geti, ule uongo, mahindi, homa. Nilimpa risiti. Alifungua nailoni polepole, akasoma, akaniuliza tarehe tuliyohama Nangwa, nikamwambia.

"Sikiliza," akasema. "Huyu si mkazi wetu tena. Sisi tunamhesabia hizi fedha za shamba peke yake, hatumtozi kama mtu anayeishi hapa. Na alicholipa huko Mbulu tunakiondoa kwenye hesabu. Kinachobaki ndicho deni lake."

"Kinabaki kiasi gani?"

Akakokotoa, akanigeuzia karatasi. Nilidhani nimesoma vibaya. Maharage ya mama Bernadina yalitosha na chenji ilibaki.

"Na faini? Alisema hajapokea."

"Faini ni ya mtu aliyeshtakiwa. Mume wako hajashtakiwa. Amekuja kutaja, basi. Umekuja wewe kwa niaba yake kwa sababu anaumwa, nitaandika hivyo."

Niliuliza kwa nini tangazo halikusema haya. Chiku akaangusha kalamu mezani. "Mimi niliandika. Waliolibandika walisema ni refu mno, wakakata chini." Akasema tangu mwezi wa tatu ni watu wachache kabisa waliokuja kuuliza. Wengine anawaona wakiletwa.

Nilitaka kufurahi. Badala yake nikabaki kwenye kile kiti mpaka wakafunga ofisi. Ndipo Chiku akanichukua hadi kwao. Mama yake amenipa wali na amenitandikia kitanda. Kesho gari la serikali linapeleka mbegu za mahindi Mbulu, litapita Dongobesh, na Chiku ameniombea nafasi. Risiti ya Hanang iko hapa chini ya mto. Patriki, vumilia usiku huu mmoja tu.

Alhamisi, 29 Aprili, hospitalini

Jana sikuweza kuandika.

Gari lilikuwa Landrover. Dereva alikuwa mzee mpole, na aliyepanda kulinda mbegu alikuwa Xavery. Sikuwa nimemwona kwa karibu. Ni mrefu kweli, na ana makovu ya ndui usoni. Alinifungulia mlango wa mbele nikae, akaenda nyuma kwenye magunia. Kutoka Katesh mpaka Dareda sikugeuza shingo.

Tulipoanza kupanda mlima akauliza kwa nyuma, "Mama, wewe ndiye mke wa yule aliyekimbia kwenye ngano?"

"Ndiyo."

"Amelipa?"

Nikainua risiti bila kugeuka. Akasema, "Basi yameisha." Baadaye kidogo akasema, "Yule wa kwanza nilimpiga vibaya. Sikukusudia sikio." Niliirudisha risiti kifuani.

Mvua ilikuwa kali. Tulipofika kwenye njia yetu dereva akasema atanifikisha mlangoni, mgonjwa apakiwe na kupelekwa moja kwa moja hospitalini. Nilimshukuru. Nilijiona nimefanikiwa, ninarudi kwenye kiti cha mbele cha gari la serikali na karatasi yenye muhuri mkononi. Gari likaacha barabara.

Ndipo nikasikia debe.

Mama Bernadina alikuwa mlangoni, analipiga kwa mwiko, kwa nguvu zake zote. Hakuna siku niliyomwambia nitarudi kwa gari. Nilitoa kichwa dirishani nikapiga kelele, "Mama! Ni mimi! Acha, ni mimi!" Hasikii, na mvua, na injini. Aliona Landrover na kofia ya mgambo nyuma, akazidi kupiga. Nikaona mahindi yanatikisika. Yakatikisika kwa mstari mmoja kuelekea nyuma ya shamba, kwenye korongo.

Niliruka kabla gari halijasimama. Nilikimbia nikiita jina lake, Patriki, Patriki, si baba Efrazia, ili ajue ni mimi. Nadhani kila nilivyoita alizidi kukimbia. Mahindi yakaisha. Ukingo ulikuwa umemeguka, tope bichi jekundu, na chini maji.

Alikuwa ameshikilia mzizi, maji yanamfika kifuani. Mguu mmoja umekaa upande ambao mguu haukai. Sikuweza kumfikia. Niliteleza, na mtu akanikamata kwa nyuma ya kitenge akanitupa juu kama mzigo. Alikuwa Xavery. Alivua buti, akajifunga kiunoni kamba ya magunia, akampa dereva ncha, akateremka.

Patriki alimwona anakuja. Nitakumbuka hili mpaka nife. Aliuachia mzizi mkono mmoja, kisha wa pili, akaiunganisha mikono mbele yake ili afungwe.

"Nifunge mimi," akasema. "Mke wangu hajui kitu."

Maji yakamchukua hapo hapo. Xavery alijirusha akamdaka kwa shati. Kamba ikakaza, dereva akapiga magoti, mimi na mama mkwe tukaishika nyuma yake tukavuta. Hatukuwa na nguvu hizo, sijui zilitoka wapi. Walipofika juu wote wawili walikuwa rangi ya tope, hutofautishi mgambo na mkimbizi.

Mama Bernadina bado alikuwa na mwiko mkononi. Nilimsemesha sikioni, nikamweleza gari lilikuwa la nini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa chini kwenye mvua akaanza kujipiga midomo kwa kiganja, taratibu, tukamzuia.

Ijumaa, 30 Aprili

Mguu umefungwa plasta. Mapafu yote mawili yana maji. Daktari hasemi atapona wala hatapona.

Jumapili, 2 Mei

Bado.

Jumatano, 5 Mei

Leo amenitambua. Nilimwonyesha risiti nikamsomea mara mbili, na maelezo ya Chiku yote. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Kwa hiyo ningeuliza tu," akasema.

Nilimlisha uji.

Jumamosi, 15 Mei

Tumerudi nyumbani, analala ndani. Tadeo alikuja, akakaa upande ambao sikio lake zima linamsikia Patriki, wakaongea habari za maharage. Nilipomweleza Tadeo hesabu ya kule ofisini aliomba nirudie. Nikarudia. Alisimama akaenda kutazama mvua uani, na alipoondoka hakuaga. Nimemwandikia Chiku juu ya faini aliyotozwa. Sijui kama kuna linalowezekana.

Jumanne, 18 Mei

Jua.

Jumatatu, 31 Mei, Nangwa

Siku ya malipo. Patriki hakutaka, ila malipo hayachukuliwi na mwingine. Tulipanda lori alfajiri, yeye na gongo lake, mimi na Efrazia mgongoni ingawa ameshakuwa mkubwa wa kubebwa. Tulipokaribia kizuizi alitoa risiti zote mbili, ya Mbulu na ya Hanang, akazikunjua juu ya goti zima, akazinyoosha kwa kidole gumba.

Lori likasimama. Mgambo alikuwa kijana tusiyemjua, anakula muwa. Alitupa jicho juu ya lori, akamsalimia dereva, akainua mti wa kizuizi.

Tukapita. Watu wakaanza kupiga soga. Mimi nikamgeukia mume wangu nimwambie yamekwisha. Bado alikuwa amenyoosha mkono nje ya ubavu wa lori, karatasi zinapigwa na upepo, anasubiri mtu azisome. Nilimwita taratibu, baba Efrazia. Hakuushusha mkono mpaka tulipofika Endasak.